Ukipanda kwenye Kinanda, Vua Viatu

Vijana wa karakana mmenisumbua sana niandike habari za kazi yangu, eti kabla sijasahau. Sisahau. Hata wale walioniambia siwezi nawakumbuka mmoja mmoja, ila sitawataja wote, maana wengine bado tunapeana mkono sokoni. Nitaandika kama ninavyosema, na anayeona nasema kwa ukali asome polepole.

Naitwa Zena Mbano. Ni Mngoni kwa baba, Mwislamu, mzaliwa wa Mlandege hapa Iringa, na maisha yangu yote ya kazi nimekuwa fundi wa ngozi wa kinanda cha mabomba. Nasema kinanda kile kikubwa kilichosimama kwenye roshani ya kanisa la mawe, chenye mabomba ya bati mbele na ya mbao nyuma. Mpigaji anakipiga kwa vidole kama vinanda vingine, lakini kinachoimba ni upepo. Upepo unatoka kwenye mivukuto, mifuko miwili mikubwa ya mbao na ngozi iliyofichwa nyuma, ambayo mtu anaijaza kwa kusukuma mpini juu na chini ibada nzima. Ngozi ikipasuka, kinanda kinahema na kunyamaza katikati ya wimbo. Kazi yangu ilikuwa kuzuia hilo lisitokee.

Vyeo na mishahara sitavieleza. Vyeo havikuwepo, na mishahara haikufikia kiwango cha kusimuliwa.

Baba yangu alikuwa fundi viatu, duka lake lilikuwa kona ya pili kutoka msikitini. Siku moja aliingia Mzee Kalinga, Mhehe, seremala wa lile kanisa, mtu mrefu mwenye mikono ya kuogopesha. Alikuwa ameshika kipande cha ngozi kilichokauka kama chapati ya juzi.

“Kamwene, mtani,” akamwambia baba. “Nimemfuata mtumwa wangu, anishonee kitu.”

“Mtumwa wako alikufa vitani,” baba akajibu bila kuinua kichwa. “Babu yangu ndiye aliyemmaliza. Kaa hapo, sema shida yako.”

Ninyi wa siku hizi huenda hamkuyaona haya, kwa hiyo niwaeleze. Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu, kisha wakamaliza ugomvi kwa kuwa watani. Mtani anakutukana na wewe hukasiriki. Ukifiwa, mtani wako anakuja msibani kuvuruga: analala kaburini, anakaa juu ya jeneza, anaziba njia, na hatoki mpaka mumpe anachotaka. Hakuna wa kumgusa. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye uliyekosa adabu. Jambo hilo lishikeni, mbele tutalihitaji.

Mzee Kalinga akaeleza kwamba ngozi za mivukuto zimekufa na kanisa limebaki na kinanda bubu. Baba macho yalikuwa yameanza kufifia. Akanionyesha kwa kidevu. “Mchukue huyu. Anashona kuliko mimi nilipokuwa kijana, ila mdomo wake utauvumilia mwenyewe.”

“Atakubali kupanda roshani ya kanisa?”

“Muulize. Umesikia nimesema ana mdomo.”

“Nitapanda,” nikasema. Nilikuwa msichana tu, na ukweli ni kwamba nilitamani kuona ndani mle tangu nikiwa mdogo.

Siku ya kwanza nilifika mlangoni mwa kanisa, nikavua viatu, nikaviweka pembeni, nikaingia na mguu wa kulia. Kina mama waliokuwa wanafagia wakaangua kicheko. Mzee Kalinga akageuka. “Binti, hapa watu wanaingia na viatu.”

“Kwetu nyumba ya Mungu haiingiwi na viatu.”

Akaniangalia. Halafu akakaa kwenye kizingiti, akafungua kamba za mabuti yake taratibu, akayapanga kando ya makubadhi yangu. Kina mama wakarudia mifagio yao. Tukapanda roshani pekupeku wote wawili, na sakafu ya Iringa mwezi wa sita mnaijua ilivyo. Nilipokuwa nauma meno kwa baridi, yeye alisimama ghafla nyuma ya kinanda, akaurudisha mguu wake pale ulipokuwa.

“Zena, njoo weka mguu hapa.”

Nikaweka. Kulikuwa na uzi wa upepo unatoka kati ya mbao, baridi, mwembamba. Tulipoinua ubao tukakuta mfereji wa hewa umeachia maungio yake. Mzee Kalinga alikuwa ameusaka mvujo huo misimu na misimu akiwa na mabuti miguuni, anahisi kwa mikono na mashavu, hajaupata. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile ikawa sheria: anayepanda kwenye kinanda anavua viatu. Si dini ya mtu yeyote. Mguu mtupu unasikia upepo kabla ya sikio.

Maneno hayakukosekana. Shangazi zangu walimwendea baba kumuuliza Zena anatafuta nini makanisani, au anataka kubatizwa kinyemela. Maalim wa madrasa alinisimamisha njiani mwenyewe.

“Zena, nasikia unaimba na Walutheri.”

“Nashona ngozi, Maalim. Kuimba sijui hata kwetu.”

Akafikiri kidogo. “Basi shona vizuri. Usije ukauaibisha mtaa.”

Upande wa pili nao wazee wa kanisa walimwita Mzee Kalinga, wakamuuliza inakuwaje Mwislamu anashika kinanda cha ibada. Alinihadithia mwenyewe alivyowajibu: “Kondoo aliyetoa ngozi hii naye hakubatizwa, mbona mmemruhusu aingie?” Hawakumuuliza tena. Nami nilikuwa nimeshaapa moyoni kwamba nitaondoka kwenye roshani ile kwa hiari yangu, si kwa hiari ya shangazi wala ya mzee wa kanisa.

Haya, kazi. Ngozi ya mivukuto ni ya kondoo, hata ya mbuzi mdogo haijambo, lakini ya ng'ombe waachieni wa viatu. Kabla hujaikata, ivute juu ya mdomo wako kama ngoma na upulize kwa nguvu. Ukihisi pumzi yako upande wa pili, hiyo peleka ikawe mkoba. Kingo zake zinyoe kwa kisu mpaka ziwe nyembamba kama sikio la sungura, maana penye ukingo mnene ndipo gundi inapoachia. Gundi ni ile ya kuchemsha mabaki ya ngozi, inanuka, na majirani watalalamika. Waacheni walalamike. Faida yake ni kwamba fundi atakayekuja baada yako ataifungua kwa maji ya moto bila kuvunja mbao. Msharasi wangu wa kutobolea ni ule wa baba, mpini nimebadilisha mara nyingi, chuma ni kilekile.

Kingine alichonifundisha Mzee Kalinga ni kutotibu kinanda kwa pupa. Mbao za Iringa zinakauka kiangazi mpaka zinapiga kelele, na masika zinavimba. Ukirekebisha leo kilichokwama kwa sababu ya mvua, kiangazi kitalegea na utaitwa mbumbumbu. Yeye alikuwa anakaa nyuma ya kinanda na kikombe cha chai, anasikiliza, anarudi nyumbani bila kugusa kitu. Watu wakamwita mvivu. Mimi pia nilimwita mvivu, tena mbele yake, na akanijibu kwamba Wangoni hawajawahi kushinda vita yoyote kwa sababu ya haraka hiyohiyo.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa Mbeya. Kulikuwa na kanisa dogo lenye kinanda kidogo, na tukaitwa kwa sababu mivukuto imegoma. Tulipofika nilidhani naota. Kinanda kizima kilikuwa chekundu! Kina mama wa zamu ya usafi, Wanyakyusa watupu, wachapakazi, walikuwa wanapaka sakafu ya kanisa polishi nyekundu kila Jumamosi. Wakaona kinanda kimechakaa, wakakionea huruma. Wakakipaka polishi hiyohiyo, mbao, mpini, na ngozi za mivukuto zote, wakazisugua na brashi ya nazi mpaka zikang'aa. Ngozi zikafyonza nta, zikawa ngumu, kisha zikaanza kuchuruzika zikipata joto.

Mkubwa wao alitupokea kwa fahari. “Mnaona tulivyokitunza?”

Nilifungua mdomo. Mzee Kalinga akanikanyaga kidole. “Mama, sijawahi kuona kinanda kilichopendwa hivi,” akasema. “Sasa tusaidieni kukivua.”

Wakakaa nasi siku zote zile, wanakwangua nta kwa visu vya mbao, wanatuletea ndizi na maziwa ya mgando, na nikilalamika mmoja wao ananipoza, “Ndaga, dada, ndaga.” Tuliokoa mabomba na mbao, ngozi hatukuokoa hata moja. Kati yao alikuwepo mama mmoja na bintiye Atupele, ambaye badala ya kukwangua alikuwa anapigapiga funguo bubu na kuimba noti kwa mdomo. Huyo mtoto alikua, akasomea muziki, akaja Iringa kuwa mwalimu wa kwaya na mpigaji wetu. Ndiye mnayemwita Madam. Mkiona ananipigia magoti sokoni, ni kwa sababu ya polishi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mnalisikia kwa vipande na mnalisimulia vibaya.

Miaka ya karibuni Mzee Kalinga alishindwa kupanda ngazi, nikabaki mimi na ninyi. Wakati nimelazwa kwa ajili ya goti langu, kanisa lilimwita mtu mwingine aitengeneze mivukuto. Aliing'oa ngozi yangu, akaweka ngozi ya bandia ya makochi na gundi ya kopo. Ilipendeza. Kiangazi kilipoingia ikapasuka kila kona, na kinanda kikanyamaza kabisa. Wakaleta kinanda cha umeme na spika, wakakiweka mbele, na vumbi likaanza kukaa juu ya mpini.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wakati huo alikuwa Msigwa, mkandarasi, Mhehe kama Mzee Kalinga, mtu mwenye nguvu na suti nzuri. Si mtu mbaya, niseme haki. Alitaka roshani ivunjwe, waumini wapate nafasi ya kukaa, maana kanisa limejaa kweli. Kwa macho yake, kile kilikuwa kabati kubwa la mabomba yasiyolia.

Nilikwenda kumwambia Mzee Kalinga. Alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Zena,” akasema, “mimi sitaki kusindikizwa na spika. Kinanda kile nimekipa upepo maisha yangu yote. Nacho kinipe wimbo mmoja wa kutokea mlangoni. Basi.”

“Utakipata.”

“Umeahidi kama Mngoni au kama fundi?”

“Kama fundi. Wangoni waulize wenyewe.”

Nilitoka pale nikalia barabarani, mtu mzima na nywele zangu nyeupe, sikujali nani ananiona.

Wiki iliyofuata nilifika kazini asubuhi, nikawakuta wafanyakazi wa Msigwa wamesimama chini ya roshani na nyundo na mitarimbo. Yeye mwenyewe yupo, simu mkononi.

“Shikamoo, Bi Zena. Leo tunakitoa.”

“Marahaba. Mnatoa nini?”

“Kinanda. Kamati imeshapitisha. Kimekufa siku nyingi, tumebaki kutunza maiti tu humu ndani.”

“Kimekufa?”

“Kimekufa, Bi Zena. Pole sana.”

“Umesema kwa mdomo wako, kimekufa.”

“Ndiyo.”

Nikavua viatu. Nikatoa kanga ya mabegani, nikaitandika kwenye ngazi ya kwanza ya roshani, nikalala chali, mikono kifuani. “Basi huu ni msiba wa Wahehe,” nikasema, “na mimi ni mtani wenu. Kaburi hili silitoki.”

Weee! Mfanyakazi mmoja akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akaweka mtarimbo chini. “Bosi, huyu ni mtani kweli. Mimi simruki.”

“Mkamwinue.”

“Mwinue wewe.”

Msigwa akanisogelea. “Bi Zena, hii ni kazi, si utani.”

“Ingekuwa si utani ungeshaniinua. Nyie Wahehe tangu lini mkamzika mtu hata mapigo ya moyo hamjampima? Njoo ulale hapa pembeni yangu, nafasi ipo.”

Mchungaji alitoka ofisini kuona kelele za nini. Akatukuta hivyo, mimi nimelala, mwenyekiti amesimama juu yangu na suti, wafanyakazi wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri. Akaziba mdomo kwa mkono, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. “Mwenyekiti,” akasema, “muulize anataka nini ili atoke. Ndivyo ilivyo.”

“Unataka nini?” Msigwa akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemeza dawa chungu.

“Mpaka Sikukuu ya Mavuno. Siku hiyo kikibeba ibada nzima bila kukata pumzi, kinabaki. Kikishindwa, njoo na nyundo zako, na ngazi nitakushikia mimi.”

“Asiyekubali kushindwa si mshindani, Bi Zena.”

“Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Unakubali au nilete mto?”

Akakubali mbele ya mchungaji. Wafanyakazi wakanipigia makofi, nikainuka, na lile goti likaniuma kweli.

Ngozi niliifuata Rujewa mwenyewe, kwa wafugaji wa kule bondeni, maana kondoo wao wana ngozi laini isiyo na makovu ya miiba kama mtu akichagua vizuri. Nilichagua kwa kupuliza, moja baada ya nyingine, na wachungaji wakasimama wananitazama bibi mzima anabusu ngozi. Mmoja akaniuliza kama ninaumwa. Tulizilowesha kwenye maji ya maganda ya miti ya miwati ili zisioze, ninyi na mimi, mnakumbuka vidole vyetu vilivyokuwa vyekundu, na kila aliyekuwa akipita karakana alishika pua. Nilikuwa na hasira tamu kifuani siku zote zile. Nilikata ngozi kwa hasira hiyo, na haikupinda hata mstari mmoja.

Mvukuto wa kwanza ulikwisha. Wa pili bado ulikuwa mifupa mitupu, mbao tu, wakati taarifa ilipokuja kwamba Mzee Kalinga amefariki. Mavuno yalikuwa bado mbali kidogo. Sikuwa nimejiandaa kwa kifo wala kwa wimbo.

Nikamwita Atupele. Akapanda roshani, akavua viatu, akaangalia mvukuto mmoja uliopona na mwingine uliokuwa wazi.

“Bibi, upepo huu ni nusu,” akasema. “Tukiishiwa pumzi mbele ya jeneza, watu wote wanasikia. Hata Mavuno hatutafika. Watakibomoa kesho yake, na hakuna atakayewalaumu.”

“Najua.”

“Tungoje. Mzee angeelewa.”

“Angeelewa, ndiyo. Lakini sikumwahidi kuelewa, nilimwahidi wimbo. Mpini ukisukumwa na mtu mwenye mabega, bila kupumzika, mvukuto mmoja unatosha wimbo mmoja. Nimeupima.”

“Na mtu mwenyewe yuko wapi? Nyote hapa mmekonda.”

Mtu nilishamwona.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka nje. Kwaya iliimba na kinanda cha umeme, mahubiri yakaisha, vijana wakainua jeneza. Hapo nikatoka kwenye benchi la nyuma, nikakaa chini mlangoni, katikati, nikanyoosha miguu. Wazee wa Kihehe wakaelewa mara moja, wengine wakaanza kutabasamu na machozi usoni. Jeneza likasimama.

“Mtani, unataka nini?” mmoja wao akauliza.

“Huyu mtumwa wangu hatoki hapa kwa spika,” nikasema, na sauti ikanikatika, nikaianza upya. “Amewasukumia upepo kwenye harusi zenu na misiba yenu. Leo mtu wa kwao amsukumie yeye. Namtaka mwenyekiti. Msigwa. Apande, avue viatu, ashike mpini.”

Watu wote wakamgeukia. Msigwa alikuwa amesimama karibu na familia, tai nyeusi, uso umeiva. Niliona hasira ikija, nikaona inavyorudi ndani, maana alikuwa mbele ya wazee wake na mbele ya maiti, na mimi ni mtani. Akakohoa. Akaenda kwenye ngazi. Pale kwenye ngazi ya kwanza, nilipokuwa nimelala siku ile, akainama akafungua kamba za viatu vyake.

Nikainuka nikamfuata. Jeneza likabaki mabegani mwa vijana. Atupele alikuwa ameshakaa.

Alianza kwa kusukuma kama anavunja ukuta. “Polepole, mtani!” nikamwambia. “Unaona hicho kipande cha madini ya risasi kwenye kamba? Kikishuka, hewa ipo. Kikipanda, inaisha. Wewe kitazame hicho tu, mimi nisahau.” Akakitazama. Mabega yakapata mwendo. Nikamgusa Atupele mgongoni.

Kinanda kikalia. Wallahi nilisahau kwamba kina sauti ile. Kule chini niliona vichwa vinainuka, halafu watu wakaanza kuimba, na jeneza likaanza kwenda polepole kuelekea mlangoni. Beti ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, Msigwa jasho linamdondoka puani. Kwenye beti ya tatu kipande cha risasi kikaanza kupanda, na yeye hakuwa amepunguza mwendo. Nikazunguka nyuma, nikapapasa, sikuona mvujo popote. Noti za chini zikaanza kutetemeka. Nikajua tumekwisha, na jeneza halijafika mlangoni.

“Bi Zena!” Msigwa akaita bila kuacha mpini. “Upepo unanipiga mguuni. Hapa kushoto, chini ya kidole gumba. Wa baridi!”

Nikaruka, goti na yote. Maungio yaleyale ya siku ya kwanza, chini ya ubao uleule. Hakukuwa na muda wa gundi. Nikang'oa ubao, nikashusha mguu wangu, nikakanyaga ule ufa kwa unyayo mzima na uzito wangu wote, nikasimama. Kipande cha risasi kikasita. Kikashuka. Noti zikanyooka, na sikuuinua mguu mpaka jeneza lilipotoka nje na Atupele alipoinua mikono yake.

Msigwa akauachia mpini, akakaa sakafuni akihema, shati limemgandia. Akaniangalia mguu wangu ukiwa bado ndani ya shimo.

“Ni kweli unasikika kwa mguu,” akasema.

“Hatukuwa tunavua kwa ajili ya picha.”

Akashuka kuwafuata waombolezaji, akafika ngazi ya kwanza, viatu hakuna. Akatazama chini ya mabenchi, akatazama nyuma ya mlango. Nilikuwa nimevificha chini ya kanga wakati napanda, wote wakitazama jeneza. Nikasimama ngazi za juu nikiwa nimevishika.

“Bi Zena, watu wanaenda makaburini!”

“Nenda. Au sema neno, mchungaji huyu hapa na wazee wako hawa hapa mlangoni. Kinanda kinabaki?”

Akafuta jasho. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu. “Kinabaki. Mavuno au bila Mavuno. Roshani tutaijengea nguzo, kinabaki.”

Nikamtupia kiatu cha kulia. Cha kushoto sikukitoa. Alikwenda kumzika Mzee Kalinga na ndala za mlinzi wa kanisa, na pale kaburini wazee walimtania mpaka mjane naye akacheka.

Mvukuto wa pili tuliumaliza, Mavuno yakaja, kinanda kikabeba ibada nzima, mlikuwepo. Nguzo za roshani alizisimamisha mwenyewe. Mimi nimestaafu kwa sababu goti limekataa ngazi, si kwa sababu kuna aliyeniambia nitoke. Sasa nawaachia agizo moja. Mkifungua ubao wa kushoto nyuma ya mivukuto, pale kwenye maungio ya siku ya kwanza, mtakuta kiatu cheusi cha mwanamume, cha mguu wa kushoto, kimefungwa kwenye kipande cha ngozi ya Rujewa. Msikitoe, msikitupe, wala msimrudishie hata akiomba kwa adabu. Siku kamati nyingine itakapokuja na nyundo kusema kinanda kimekufa, waonyesheni kiatu hicho, kisha waambieni wavue vyao.